Huduma ya kuosha turubai za mbele ya duka Dar: uzoefu wangu

Kuwaita watu wa kuosha turubai la kivuli kunalipa, ila ujue kwanza turubai lako ni la kitambaa gani kabla hawajamwaga tone la maji. Mimi ninayo mawili. Moja ni la akriliki, la kukunja kwa mpini wa kuzungusha, liko kwenye mgahawa upande wa Msasani. La pili ni PVC iliyokazwa juu ya fremu ya bomba za chuma, duka la Kariakoo. Yote mawili yanaoshwa na vijana wale wale, wanaokuja na ngazi na ndoo zao. Kwa kuosha nawapa nyota nne kati ya tano. Kwa kusuuza na fremu nawapa mbili.

Akriliki imefumwa, hewa inapenya, na kinachozuia maji ni dawa iliyotiwa kiwandani. PVC ni poliesta iliyovikwa plastiki, maji hayapiti kabisa. Kwa hiyo ya kwanza ukiisugua kwa nguvu unaondoa dawa, na ya pili ukiifuta kwa tina au petroli unaondoa kilainishi cha plastiki. Baadaye inakakamaa na kupasuka penye mkunjo. Uchafu nao si mmoja: Kariakoo ni vumbi na moshi wa magari, unanata kama mafuta. Msasani ni chumvi ya bahari na majani ya mkungu, ambayo yakilowa yanaacha madoa ya kahawia.

Vijana wanaanza kwa kufagia vumbi likiwa kavu, juu na chini, na hapo wako sahihi kabisa, maana likilowa linakuwa tope na kuzama ndani ya nyuzi. Kisha sabuni ya maji isiyo kali, robo kikombe (mililita 60) kwa lita 4, maji ya kawaida au vuguvugu yasiyozidi nyuzi joto 38, na brashi ya nywele laini. Sabuni ya unga naikataa, inabaki kwenye mishono. Naikataa pia mashine ya presha ya kuoshea magari. Inang'arisha haraka, lakini inafungua mishono na kuchuna dawa, na mvua ya kwanza wateja wanadondokewa. Kazi ifanyike asubuhi, jua halijakolea, la sivyo sabuni inakauka juu ya kitambaa kabla haijasuuzwa.

Baada ya masika shida kubwa ni kuvu, yale madoadoa meusi. Kwenye akriliki kuvu haili nyuzi zenyewe, inakula uchafu uliokaa juu yake, ndiyo maana turubai linalofagiwa mara kwa mara halishikwi sana. Likishikwa: kikombe kimoja cha jiki (mililita 240) na robo kikombe cha sabuni ya maji kwa lita 4 za maji. Nyunyiza, acha dakika 15 bila kuruhusu likauke, pitisha sponji, suuza mpaka harufu iishe. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha. Kwenye PVC yenye maandishi ya duka jiki sitii, inapausha rangi. Sabuni na kurudia mara mbili kunatosha. Na jiki isikutane na siki, limau wala dawa ya choo, inatoa gesi inayoumiza mapafu.

Sasa malalamiko yangu. Wanasuuza kwa kurusha ndoo. Ndoo mbili za lita 20 hazisuuzi turubai la upana wa mita 6. Sabuni inayobaki inavuta vumbi jipya na inaua uwezo wa kitambaa kusukuma maji. Dai mpira wa maji, waanzie juu kushuka, halafu kamua kwa vidole pindo la chini: povu likitoka, hawajamaliza. Angalia pia maji yanatoka wapi. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na turubai likikauka linabaki na michirizi myeupe. Kusuuza kwa mwisho nataka maji ya bomba ya DAWASA, hata kama ni ya kuhifadhi kwenye simtanki.

Kinyesi cha kunguru, ambacho hapa mjini hakikwepeki, kisikwanguliwe kikavu. Weka kitambaa kilicholowa juu yake kwa dakika chache, kilainike, ndipo ufute.

Likishakauka, nyunyiza maji. Yakisimama kama shanga, dawa bado ipo. Yakinywewa, paka dawa ya kuzuia maji, tabaka mbili nyepesi, kwenye kitambaa safi na kikavu tu. Niliyotumia mimi, lita moja inakwenda mita za mraba 5 hadi 9. Usikunje turubai bichi. Mvua ikikukuta ukalazimika kulikunja, lifungue mara tu inapokatika.

Fremu ndiyo wasiyoigusa kabisa. Ukifuta turubai bila kufuta boliti, kutu inadondokea kitambaa kile kile ulicholipia. Doa la kutu jiki inalizidisha. Linahitaji maji ya limau, baada ya jiki yote kusuuzwa. Piga boliti msasa na rangi ya kuzuia kutu. Ufukweni weka za chuma kisichoshika kutu. Na kama maji yanatuama katikati, kuosha hakutasaidia: turubai la kukunja linahitaji mteremko wa sentimita 25 kwa kila mita moja. Dimbwi la lita 50 ni kilo 50 zinazoning'inia kwenye mikono ya fremu.

Bei wanatoza kwa mita ya mraba, hivyo pima mwenyewe. Upana mita 6, urefu wa mteremko mita 2, pindo la mbele sentimita 30: hiyo ni mita za mraba 13.8. Kisha, wakiwa bado juu ya ngazi, mwombe mmoja avute mishono kwa kidole. Jua linaua uzi kabla ya kitambaa, na kushona upya turubai zima kwa fundi ni nafuu mno kuliko kununua jipya.