Bunduki tatu za vipira vya sponji, bei ya chini: ipi inarudisha pesa yako?

Nianze na jibu: kati ya bunduki tatu za kuchezea nilizonunua, inayofanya kazi kuliko bei yake ni ya springi, ile isiyo na betri wala mbwembwe. Ya pili ni ya mota. Ya tatu ni kibastola cha kupakia kipira kimoja kimoja. Kinaingia mfukoni, kinachekesha, basi.

Zote zinatumia vipira vya milimita 22 hivi, saizi iliyoletwa mwaka 2015 na Rival, bunduki za vipira za chapa ya Nerf, na hilo ndilo nililoliangalia kabla ya rangi au umbo. Vipira hupotea. Vinaingia chini ya makochi, vinavuka ukuta, mbwa anaondoka navyo. Ukinunua bunduki yenye saizi yake ya peke yake, siku vikiisha huna bunduki tena.

Ya springi inameza vipira vitano kwa juu. Unakoki, unafyatua, unakoki tena. Kukoki kunataka mkono wenye nguvu kidogo, lakini kila kipira kinatoka kwa kasi ileile, ndiyo maana unaweza kujifunza kulenga. Chupa tupu ya plastiki upande wa pili wa sebule inaanguka karibu kila mara. Ukiipiga mbali zaidi, kipira kinaanza kupinda, hasa kikiwa kimeshabonyea.

Ikifika mpya, ijaribu hivi: hakikisha haina kipira, koki, ziba mdomo wake kwa kiganja, halafu fyatua. Ukisikia hewa inasukuma kiganja na pistoni, ile inayosukuma hewa ndani, inarudi taratibu, mpira wake wa kuzuia hewa isivuje unabana vizuri. Ikigonga “ta!” papo hapo, hewa inavuja. Usilirudierudie jaribio hili, maana kufyatua bila kipira kunaichosha pistoni.

Ya mota ndiyo inayopendwa na wageni. Unabonyeza kitufe, vigurudumu viwili vinazunguka vikipiga kelele kama blenda, kisha unavuta kifyatulio na vipira vinatoka mfululizo. Raha kweli, betri zikiwa mpya. Zikianza kuchoka, kipira kinadondoka katikati ya njia, na wewe ndio kwanza umeshika kasi ya mchezo. Halafu vigurudumu vinakula vipira: nikikigeuza kimoja mkononi naona michirizi myeusi pande mbili, na sponji imeanza kumeguka kama makombo. Ukiviacha ndani ya magazini wiki nzima vinabonyea, na kilichobonyea hakiendi unakokituma.

Kasi inayoandikwa kwenye boksi siiamini sana. Rival zilitangazwa kwa mita 30 hivi kwa sekunde, wakati za mishale ya sponji za kawaida huwa kwenye 20 na kitu. Nyingi za bei ya chini zinajiandikia 30 hiyohiyo. Kwa jicho langu, ya springi inakaribia. Ya mota haifiki.

Hata hivyo kipira kinauma kikikupata shavuni, na Rival zenyewe zimeandikwa umri wa miaka 14 kwenda juu. Kwangu asiye na miwani ya kinga hachezi.

Kama moyo wako uko kwenye ya mota, jumlisha na bei ya betri za kuchaji pamoja na chaja yake kabla hujalipa. Mimi nilipojumlisha, hela ile ilitosha ya springi ya pili na pakiti kubwa ya vipira.