Uzoefu wangu: kuunda bodi ya mashua kwa Lofti ya FreeCAD

Kazi niliyoijaribia FreeCAD, programu ya kompyuta ya kuchora maumbo ya pande tatu, ni bodi (umbo la nje) ya mashua ya uvuvi yenye urefu wa mita 6. Fundi mmoja wa Mtongwe, Mombasa, alitaka kalibu ya faiba inayofuata umbo la mashua kongwe ya mbao ambayo wavuvi huisifu kwa kukata maji vizuri. Tulipima bodi kwenye mataruma (mbavu) yake, kuanzia tezi (nyuma) hadi omo (mbele), nami nikachora kila mkato kama skechi, yaani mchoro bapa, kwenye ubapa wake, kisha nikaiachia zana ya Lofti iziunganishe skechi hizo kuwa uso mmoja. Programu yenyewe ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na haihitaji intaneti, jambo ambalo si dogo stima inapokatika nawe unafanyia kazi kwenye betri ya kompyuta.

Lofti haivumilii skechi za ovyo. Skechi moja ikiwa na vipande vinne vya mstari na jirani yake ikiwa na sita, programu hulazimika kukisia kipande kipi kikutane na kipi, na uso unaweza kujisokota mahali ambapo mashua haina pindo lolote. Njia niliyoiona kuwa salama ni kuchora mkato mmoja kwa uangalifu, kuunakili kwenye kila ubapa, na kubadilisha vipimo peke yake bila kuongeza wala kupunguza kipande. Vilevile skechi zote ziwe wazi au zote ziwe zimefungwa. Mimi nilitumia za wazi, za upande mmoja tu kutoka mkuku (uti wa chini wa mashua) hadi ukingo wa juu, kisha nikauakisi uso huo upande wa pili, kwa sababu pande mbili za mashua ya mbao hazilingani hata fundi aape.

Wengi hudhani kwamba kadiri skechi zinavyozidi ndivyo uso unavyokuwa sahihi zaidi. Mimi sikubaliani nao. Uso hupita katika kila skechi iliyotolewa, kwa hiyo tofauti ya milimita chache katika upimaji hujitokeza kama wimbi ubavuni, na wimbi hilo kwenye kalibu ya faiba hurithiwa na kila mashua itakayotoka humo. Nilibakiza mataruma machache, yale yaliyopo mahali umbo linapogeuka hasa, na ubavu ukatulia. Vipimo vya mataruma mengine vilinifaa kwa ukaguzi: nilitumia zana ya mikato kuukata uso mahali pale pale na kulinganisha.

Lipo pia chaguo la kuunganisha skechi kwa mistari iliyonyooka. Kwa mashua ya namna hii halifai.

Penye upungufu ni omo. Lofti ya FreeCAD haipokei mistari ya kuongoza, yaani huwezi kuiagiza ifuate mkuku au ukingo katika nafasi iliyo baina ya skechi, ilhali Lofti ya Fusion, programu ya kampuni ya Autodesk, inaipokea. Katika sehemu ya FreeCAD iitwayo Part inaruhusiwa kuanzia au kuishia kwenye nukta, lakini omo la mashua yetu si nukta, bali ni ubao unaopanda kwa mshazari. Kwa theluthi ya mbele nilihamia kwenye nyongeza iitwayo Curves, yenye uso wa Gordon unaojengwa juu ya mtandao wa mistari ya pande mbili. Inadai mistari ikutane sawasawa, na kuiandaa kunachosha, lakini matokeo yake fundi aliyakubali bila kubishana.

Kwa hiyo anayetaka bomba la hewa linaloanza mraba na kuishia duara atatosheka na Lofti peke yake, mradi duara aligawe katika matao manne ili lilingane na pande za mraba. Anayetaka bodi ya chombo aisakinishe Curves tangu mwanzo.