Bakapu ya kulipia kwenye seva isiyo na skrini: uzoefu wangu Lamu

Nyota moja, na hiyo moja ni ya programu, si ya watu wake.

Kampuni siitaji, wenyewe watajijua. Ni huduma ya bakapu, yaani nakala za akiba za faili, unalipa kwa mwaka. Mimi nasimamia seva za nyumba kadhaa za wageni hapa Lamu: vijisanduku vidogo vimekaa juu ya makabati huko Langoni na Mkomani, Debian tupu (mfumo wa familia ya Linux), hakuna skrini wala kibodi. Naingia kwa SSH, yaani kwa amri za maandishi kupitia mtandao, popote nilipo, namaliza kazi, natoka. Skrini ya nini? Stima ikipotea itakunywa betri bure, na hewa ya chumvi ya huku inatafuna kila tundu la waya lililoachwa wazi. Wakati wa kuniuzia waliniapia kwamba programu yao inaendesha kwenye Linux bila skrini. Na kweli inaendesha. Kila usiku inapakia faili zake kimya, asubuhi naletewa barua pepe kwamba mambo safi.

Kitimbi kiko kwenye kuzirudisha.

Karibu na Maulidi, nyumba zimejaa hadi watu wanalazwa darini, diski ya seva moja ikafa. Orodha ya wageni, malipo, nani kapewa chumba gani, vyote vimo humo. Nikaweka diski nyingine, nikasimika mfumo upya, nikaiita programu yao irudishe faili. Ikanijibu: cannot open display, yaani haioni skrini ya kufungulia dirisha. Nikafungua mwongozo. Kumbe kurudisha ni kwa dirisha tu: ubonyeze kichupo, uchague tarehe, uburute folda. Niburute na kidole?

Nikapiga simu. Akapokea kijana.

“Mzee, washa kompyuta, angalia chini kulia karibu na saa, utaona alama yetu.”

“Mwanangu, hakuna saa. Ni seva, haina skrini.”

“Haina skrini vipi? Imeharibika?”

“Haijawahi kuwa nayo.”

Akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia akicheka na mwenzake pembeni. “Sasa mzee, nani alikufundisha kuendesha seva bila skrini? Nenda kanunue, halafu utupigie.” Akakata.

Wallahi nilisimama na simu mkononi nikiiangalia. Nikanunue! Hapa mzigo unashuka Mokowe, unapanda boti, halafu punda. Na mgeni yuko mlangoni na begi lake ananiuliza chumba chake ni kipi. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba seva nyingi za Linux duniani ziko hivi hivi, zimefungwa kwenye makabati ya vituo vya data na hakuna anayezitazama usoni. Mtu anayeuza bakapu za seva hajui hilo, anauza nini?

Nikaingia tena kwa ssh -X, ili dirisha lao lije kujichora kwenye laptopu yangu. Likaja, kipande kipande, kupitia intaneti ya simu. Ukibonyeza kitufe unaweza kwenda kuchota maji ukarudi, bado hakijabonyea. Ila nisiwadhulumu: faili zilirudi zote, hata moja haikukosekana. Hapo niliwapandisha hadi nyota tatu.

Kisha nikawasha PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ikagoma. Programu ilikuwa imerudisha kila kitu kwa jina la root, mtumiaji mkuu wa mfumo, na PostgreSQL haikubali kuwaka kama saraka ya data si mali ya mtumiaji anayeiendesha. Chown moja (amri ya kubadilisha mwenye faili) ikawaka, lakini sikuiamini. Kunakili faili za hifadhidata huku inaandikwa ni kubahatisha, ndiyo maana kila usiku kabla ya bakapu mimi hutoa pg_dump, nakala kamili ya hifadhidata. Nikaipakia hiyo, mambo yakakaa. Lakini jamani, bakapu isiyokumbuka faili ni ya nani! Nyota zimerudi moja.

Sasa hivi natumia restic, programu ya bakapu ya bure. Inatuma kwa SFTP, njia ya kuhamisha faili juu ya SSH, hadi kijisanduku kingine kilichoko Shela, na baada ya ile mara ya kwanza hupeleka vipande vilivyobadilika tu, bando linapumua. Kurudisha ni amri moja, inayoingia hata kwenye simu, na ikiendeshwa kama root mwenye faili anabaki kuwa mwenye faili. Nayo ina yake. Stima ikikatika katikati ya kazi inaacha kufuli, ukija kusafisha nakala za zamani inakukatalia hadi upige restic unlock. Na nenosiri likipotea, nakala zote zimekwenda, hakuna wa kukufungulia. Lakini hakuna anayenicheka.

Juzi wale wa kulipia wamenitumia ujumbe niwape alama, moja hadi tano. Nikaandika mbili, kwa sababu faili zilirudi. Nikamkumbuka yule kijana, nikafuta, nikaandika moja. Ankara ya mwaka ujao nayo imeshaingia na sijaigusa. Wakitoa amri ya kurudisha faili bila dirisha, huenda nikalipa, maana nakala ya pili nje ya kisiwa hiki naitaka bado. Ila simu yangu apokee mtu mwingine.