Zulia la nyasi bandia katika ua wa Maskati: tathmini baada ya misimu miwili ya joto

Zulia ninalolitathmini hapa lina majani ya plastiki ya urefu wa milimita 35, nalo lilipotandikwa lilifunika ua wetu wote wa mita za mraba 40. Leo limebaki nusu tu. Nusu ya magharibi, isiyo na kivuli, nimeling'oa na kupanda ukoka, jambo lililowashangaza majirani, kwa kuwa katika mji unaopata mvua ya takriban milimita 100 kwa mwaka, na ambao maji yake ya bombani ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi, watu huacha ukoka wakahamia plastiki, wala hawarudi nyuma.

Kwa sura, bidhaa yenyewe sina la kuilaumu. Mafundi walishindilia kokoto na mchanga, wakatandika zulia, wakaunga vipande kwa gundi, kisha wakamwaga mchanga mkavu wa kuyasimamisha majani, na kazi yote ikaisha kwa siku moja. Rangi haijapauka, na vumbi la upepo huondoka kwa mpira wa maji. Mkojo wa paka ndio usumbufu: udongo huufyonza, lakini hapa harufu hubaki katika ule mchanga hadi uoshwe, kwa maji yale yale tuliyokusudia kuyaokoa.

Kasoro kubwa ni joto. Adhuhuri moja ya mwezi wa Juni mjukuu wangu alikimbilia uani bila viatu, akarudi analia na nyayo zimemwiva. Nilidhani nimeuziwa aina duni, kumbe ndivyo plastiki ilivyo. Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, katika jimbo la Utah nchini Marekani, walipima uwanja wa nyasi bandia wa chuo chao wakakuta uso wake umezidi joto la lami kwa takriban nyuzi 20 za Selsiasi, na joto la nyasi asilia kwa takriban nyuzi 48. Walipoumwagia maji ulipoa mara moja, lakini baada ya dakika 20 ulikuwa umeshapanda tena kupita nyuzi 70. Sababu yake haina fumbo: ukoka hutoa maji kupitia majani yake, na maji hayo yanapogeuka mvuke huondoka na joto, ilhali jani la plastiki halina cha kutoa, hivyo hulipokea jua na kukaa nalo. Hata kioo cha dirisha la sebuleni, kwa kuakisi jua la alasiri, kiliyeyusha ukanda mwembamba wa majani karibu na ukuta. Muuzaji alipoonyeshwa alisema kosa ni la dirisha.

Ukoka nao una gharama, tena si ndogo. Wakati wa maandalizi ya Kombe la Dunia la 2022 ilielezwa kwamba kila uwanja wa Qatar ulihitaji lita 10,000 za maji kwa siku wakati wa baridi na lita 50,000 wakati wa joto. Ukigawa kwa eneo la kuchezea, la mita 105 kwa 68, kiwango cha joto ni kama lita saba kwa kila mita ya mraba, na kwa nusu yangu ya mita 20 hiyo ni lita 140, yaani ndoo saba za lita 20 kila siku. Mimi simwagi kiasi hicho, kwa sababu ua si uwanja wa mashindano: namwagia alfajiri, kabla jua halijaanza kunywa sehemu yake, na Agosti ukoka ukigeuka manjano kidogo nauacha, kwani mizizi ikiwa hai hurudi kijani joto likipungua. Anayetegemea kisima chenye chumvi atafute paspalamu, ambayo huvumilia chumvi kuliko nyasi nyingi za bustani.

Nusu ya mashariki, iliyo chini ya mwarobaini, zulia limetufaa sana. Hapo ndipo tunapokaa baada ya Magharibi kwa kahawa na tende, mahali ambapo ukoka ulikuwa unakufa kila mara kwa kukosa jua, na kazi iliyobaki ni kufagia majani ya mti. Laiti muuzaji angeuliza jua linapiga wapi na watoto wanacheza saa ngapi, angeniuzia mita 20 nami ningemshukuru. Alipima urefu na upana, akaandika bei, akanikabidhi dhamana ya miaka minane ambayo nimeisoma mara mbili: imetaja kupauka na kufumuka, joto haikulitaja popote.