Ukuta wa mimea mapokezi, mgonjwa anatazama mlango wa choo

Nimeuguza hapo majuzi, hospitali ya binafsi inayojinadi kwa "mazingira ya asili yanayoponya". Nyota moja, na hiyo ni ya huruma.

Ule ukuta wa mimea wa mapokezi umekauka mabaka mabaka. Ingekauka safu yote ya juu, ningesema pampu imechoka. Mabaka maana yake vitundu vya mipira ya kumwagilia kwa matone vimeziba, maji ya kisima yana chokaa. Dawa yake si ghali: kichujio kabla ya mipira, ncha zifunguliwe kila mwezi iteme uchafu, iliyoziba ilowekwe kwenye siki usiku kucha. Wao wamechomeka maua ya plastiki kwenye mapengo! Trei ya chini imetuamisha maji, viluwiluwi wanacheza. Kwa joto letu, siku kumi tu hao ni mbu. Hospitali inafuga mbu, jamani. Kumwambia mhudumu, akanijibu: "Mama, umekuja kuuguza au kukagua?"

Nimekuja kukagua, ndiyo.

Maana hela zote zimeishia mapokezi, ambako halali mgonjwa. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa hospitali moja ya Pennsylvania, wagonjwa 46 waliotolewa kifuko cha nyongo: nusu dirisha lao lilitazama miti, nusu ukuta wa matofali. Wa miti walitoka mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu chache zaidi. Dirisha tu hilo, wala si pampu. Hospitali ya Butaro kule Rwanda wameegemeza vichwa vya vitanda kwenye ukuta mfupi katikati ya wodi, macho yanatazama nje. Hapa vichwa viko dirishani, macho mlango wa choo. Hata ukivigeuza, dirisha linaanzia kifuani mwa mtu aliyesimama. Aliyelala ataambulia kipande cha mbingu na feni.

Kusema haki, wodi ya nyuma kuna mwarobaini mkubwa, na dirisha la pale liko chini. Kitanda cha kona kinagombaniwa, wagonjwa wanahesabu kunguru. Kwa mti ule ninapandisha, nyota tatu.

Ila jana nimeuona shinani una X nyekundu. Wanapanua maegesho. Rudisheni nyota zangu.