Uzoefu wangu: kushusha na kupandisha taa za filamu kwa uwiano ndani ya Eos

Eos, programu ya kuongozea taa ya kampuni ya ETC, ilitengenezwa kwa ajili ya jukwaa, na mtu wa filamu atalihisi hilo tangu skrini ya kwanza. Hata hivyo ndiyo ninayoitumia kwenye seti, ikiwa ndani ya laptopu yenye leseni ya ETCnomad. Leseni hiyo ni kidude cha USB; bila hicho programu inafunguka na unaweza kupanga kazi yako, ila haipeleki amri kwenye taa. Kilichonibakiza ni kwamba inatenganisha vizuri kutoa na kuzidisha, jambo ambalo programu nyingi za simu hulichanganya.

Tuseme taa kuu iko asilimia 80, ya kujaza kivuli 40, ya nyuma 60. Mpigapicha mkuu anataka mwanga wote upungue bila sura ya picha kubadilika. Ukishusha kila taa kwa pointi 30 unabaki na 50, 10 na 30: kwa namba hizo taa kuu sasa ni mara tano ya ile ya kujaza, wakati mwanzo ilikuwa mara mbili. Kivuli cha usoni kimekuwa kizito na hakuna aliyekiomba. Kwenye Eos naziweka taa zote kwenye kundi moja, kisha naandika Group 1 At / 50 Enter. Mkwaju huo (/) maana yake ni "asilimia ya kiwango kilichopo sasa". Napata 40, 20, 30, na uwiano unabaki ulivyokuwa.

Kwa kuwa watu wa kamera huongea kwa stopu (kupanda stopu moja ni mwanga mara mbili, kushuka moja ni nusu yake), inafaa kuzijua namba hizi kichwani: kushuka theluthi ya stopu ni / 79, nusu stopu / 71, stopu nzima / 50. Kupanda theluthi ni / 126, nusu stopu / 141. Wanaokosea wengi hushusha kwa / 70 halafu wanadhani / 130 itawarudisha. Hairudishi, 0.7 mara 1.3 ni 0.91. Unahitaji / 143, na hata hapo namba zikikadiriwa kwenda na kurudi mara kadhaa mizani huanza kuhama. Ndiyo maana kwa marekebisho ya kwenda na kurudi siandiki amri kabisa. Natengeneza sabmasta (kitelezi kimoja cha kuongoza taa nyingi) ya aina ya Inhibitive, yaani ya kupunguza tu, yenye taa zile zile, nikirekodi ukali wa mwanga peke yake. Kitelezi kikiwa juu kabisa, taa zinabaki kwenye viwango vyake. Kikiwa nusu, zote zinatoka kwa nusu ya viwango hivyo. Ukikipandisha tena, mizani ya awali inarudi kama ilivyokuwa, maana viwango vyenyewe havikuguswa.

Dari, yaani kikomo cha 100, ni jambo la kuangalia mapema. Taa kuu ikiwa 80, ukiipandisha nusu stopu inatakiwa ifike karibu 113, lakini itagota 100 huku ya kujaza ikiendelea kupanda hadi 56. Programu haitapiga kelele. Utakachoona ni uso kuwa bapa kidogo. Naanza na taa yenye nguvu kuliko zote ikiwa 70, hivyo nina nusu stopu ya akiba.

Sasa kwenye taa zenyewe, ambako mambo mengi huharibikia. Hesabu ya stopu niliyotoa juu ni kweli pale tu taa imewekwa kwenye mkunjo wa dima ulionyooka, yaani namba ya skrini na mwanga unaotoka vinakwenda sambamba. Kwenye mkunjo wa kipeo cha pili, 50 kwenye skrini ni robo ya mwanga, yaani stopu mbili chini. Taa zote zikiwa na mkunjo huo uwiano bado unashika, kilichozidi ni kina tu cha kushuka. Balaa ni kuchanganya: taa kuu ina mkunjo ulionyooka, ya kujaza ina wa kipeo cha pili, unaandika / 50, moja inapoteza stopu moja na nyingine mbili. Laptopu inaonyesha 40 na 20, kila kitu safi, kumbe mita ya mwanga inasema jingine. Kabla ya kupiga picha pita kwenye menyu ya kila taa, weka mkunjo mmoja, kisha pima taa moja moja kwenye 100 na 50. Isiposhuka stopu moja kamili, bado hujamaliza. Mkunjo wa umbo la S uepuke kabisa kwa kazi hii. Hata taa zote zikiwa nao, uwiano hauheshimiwi.

Upande wa chini kabisa nako kuna tatizo. Chaneli (njia moja ya amri inayokwenda kwenye taa) ya biti 8 ina hatua 0 hadi 255, na taa iliyo kwenye asilimia 2 inatumia hatua ya 5 tu. Kutoka 5 kwenda 6 ni ongezeko la asilimia 20, takriban robo stopu kwa mpigo mmoja, na kamera inaliona. Taa zinazofanya kazi chini ya asilimia 10 ziweke kwenye modi ya biti 16. Modi hiyo huchukua chaneli mbili kwa ukali wa mwanga, kwa hiyo ndani ya Eos chagua upya aina ya taa inayolingana na modi hiyo na usogeze anwani zinazofuata, la sivyo taa ya pili itaanza kupokea amri za ya kwanza. Njia nyingine, ambayo mafundi wengi wa taa wangeichagua bila kuwaza, ni kuweka wavu wa kupunguza mwanga mbele ya taa na kuipandisha ifanye kazi kwenye 30 au 40.

Na kama kuna taa ya tangsteni (ya balbu yenye waya unaowaka) kwenye kundi, itoe. Namba zitashuka kwa uwiano lakini rangi yake itazidi kuwa ya chungwa kila inaposhuka, wakati LED jirani zake zinabaki palepale. Hiyo ishushe kwa wavu, au isogeze nyuma.