Programu ya njia isiyojua kwamba Limuru ni mlimani

Programu hii ya kupanga njia za magari ya kusambaza bidhaa haikwami, na kwa pikipiki zetu za petroli imefanya kazi ambayo sina sababu ya kuidharau. Lakini tuliuziwa kwa ahadi kwamba inayaelewa magari ya umeme, na hapo ndipo ugomvi wangu nayo ulipo.

Sisi tunauza maji ya kunywa, na ghala letu liko Eneo la Viwanda, Nairobi. Chupa kubwa moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 na ushei, kwa hiyo gari letu dogo la umeme hutoka asubuhi likiwa na shehena inayokaribia tani moja. Siku moja wakati wa masika, programu ilimpangia dereva aanzie Limuru, kisha ashuke kupitia Kikuyu na Uthiru hadi Westlands, kwenye ofisi zinazochukua zaidi ya nusu ya mzigo. Kabla hajafika Limuru alinipigia simu: "Mama, gari limekufa mlimani, na hawa wenye matrela hawaachi kunipigia honi." Wateja walipata maji yao kesho yake, na gari letu lisilotoa moshi likarudi Nairobi limepakiwa juu ya lori la dizeli.

Anayehesabu kilomita peke yake hataliona kosa, kwa sababu mzunguko ule una urefu uleule ukianzia Limuru au ukianzia Westlands. Betri haihesabu hivyo. Eneo la Viwanda liko chini ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ilhali Limuru imepita mita 2,200. Kupandisha tani moja mita 500 hula takriban uniti 1.4 za umeme, kabla hujapandisha gari lenyewe na kabla ya kile kinachopotea kwenye mota na magurudumu. Ukiteremsha maji Westlands kwanza, unaukabili mlima ukiwa umebaki na chini ya nusu ya mzigo, na wakati wa kurudi mteremko unarejesha sehemu ya chaji. Watafiti George Dantzig na John Ramser walipochapisha makala yao kuhusu kupanga safari za malori mwaka 1959, malori waliyoyazungumzia yalikuwa ya kusambaza petroli, na walichotafuta ni kupunguza mwendo wa jumla. Programu hii, inayouzwa leo kwa jina la nishati safi, bado inaishi mwaka huo.

Hata hayo ningeyavumilia, lau si simu niliyopiga huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea hakuuliza gari lilikuwa wapi wala lilibeba nini. "Mama, mfumo wetu hauna shida, huenda ni betri yenu imezeeka," alisema, ilhali betri yenyewe haijamaliza mwaka. Nilimwomba anionyeshe mahali pa kujaza uzito wa mzigo. Alinyamaza, kisha akanishauri niandike kwamba gari letu huenda umbali mfupi kuliko uwezo wake, yaani niidanganye programu ninayoilipia kila mwezi ili iniambie ukweli.

Nilikusudia kuipa nyota tatu, kwa kuwa njia zisizo na milima, kama ile ya Barabara ya Mombasa hadi Athi River, inazipanga vizuri na imetupunguzia safari za bure. Ila kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoikumbuka sauti ya yule kijana. Naipa nyota moja, nayo ni ya pikipiki. Kwa sasa dereva wetu ndiye anayeamua nani apelekewe kwanza, na tangu hapo hajakwama. Wakiongeza sehemu ya kujaza uzito, na wakiingiza mwinuko wa barabara katika hesabu zao, nitabadilisha nyota hizi bila kinyongo. Gharama ya lile lori la dizeli, hata hivyo, bado nawadai.